Sindano na Ibara ya Tisa

"Mheshimiwa, bega nje, na wewe nje!"

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu, ukafunga gazeti ukanilaani kwa kukukatia utamu. Haya, tulia. Tuko palepale.

Mpambe wa Bunge amejaa mlangoni mwa ukumbi, mikono ameitanua kama golikipa anayesubiri penalti. Mbele yake amesimama Mheshimiwa Sindano, mbunge mpya, fundi cherehani wa juzijuzi, bega lake la kulia liko wazi. Mlinzi wa Waziri wa Ardhi alimpiga kikumbo pale kwenye ngazi. "Samahani, mama," akasema yule mlinzi, na kabla samahani haijaisha, mkono mzima wa gauni ulikuwa umebaki kiganjani mwake. Akautia mfukoni, akaenda zake akipiga mluzi.

"Kanuni za mavazi," akasema Mpambe. "Bega la mbunge haliingii humu likiwa wazi."

"Kaka yangu, unajua leo kuna nini humo ndani?"

"Najua. Lakini bega ni bega."

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, shika haya upesi maana sina muda wa kurudia. Sindano akiwa mtoto wa meno ya utoto, tingatinga lilikuja mchana kweupe likalala juu ya nyumba yao na karakana ya baba yake, fundi makochi. Aliyekuwa ameshika karatasi akiliongoza lile tingatinga ni ofisa mmoja wa ardhi, kijana, ananukia marashi mpaka upande wa pili wa barabara. Uani kwao palikuwa na kaburi la mama. Yule ofisa akajijengea hoteli pale, na juu ya kaburi akamwaga lami, watu wakaegesha magari.

Ofisa akapanda cheo, akapanda tena, huku akimtafuta bure kaka yake aliyetoweka siku zile mama alipozikwa. Leo ndiye Waziri wa Ardhi, na watu wanamwita Waziri Marashi.

Baba yake Sindano alifungua kesi. Kesi ikazungushwa mahakama hii na ile mpaka nywele zake zikageuka pamba. Na leo, msomaji wangu, Waziri Marashi ameleta Bungeni Muswada ambao ibara yake ya tisa inasema hivi: ardhi yoyote iliyotwaliwa zamani, mahakama isithubutu kuigusa. Ikipita leo, kesi ya mzee imekufa leo.

Sindano aliomba kura akiahidi visima na zahanati. Moyoni aliahidi kitu kimoja tu: kumlipa mtu yule, na kumlipa mbele za watu.

Sasa bega!

Mheshimiwa hakulia wala hakubishana. Alivua kilemba kichwani. Akakichana kwa meno, *chwaaa!* Akatoa sindano kwenye pindo la gauni, maana mwanamke huyu hajawahi kutembea bila sindano tangu avunje ungo. Akaegemea ukuta palepale koridoni, macho kwa Mpambe, mkono ukienda bila kuangalia. Wenye kujua wanasema uzi ulitoa moshi.

Mpambe alikuwa bado anatafuta la kusema, gauni lina mkono mpya. Tena wenye marinda.

"Pima," akasema Sindano.

"Dada, mimi sina neno," akasema Mpambe, akapisha. Kisha akanong'ona, "Mtoboe yule mtu."

* * *

Ndani, Bunge limekwisha kukaa kama Kamati ya Bunge Zima. Siwa, lile rungu la dhahabu, imeshushwa chini ya meza. Spika ameacha kuwa Spika, amekaa chini pamoja na makatibu na sasa anaitwa Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani puani na subira fupi kama kope. Katibu anasoma ibara moja moja, Mwenyekiti anahoji, wabunge wanaitikia. Mbio mbio kama watu wanaokimbilia chakula cha mchana, na kweli ndicho walichokuwa wanakimbilia.

"Ibara ya kwanza."

"Ndiyooo!"

"Ibara ya pili."

"Ndiyooo!"

Hapo nikufungulie siri ambayo mle ndani si siri. Wale wabunge wa chama kikubwa, safu kwa safu, hawasomi miswada. Wanamsoma Mnadhimu. Mnadhimu wao, kiranja wa kura za chama, ni jitu la kitambi na upara unaong'aa, anakaa mbele kabisa mahali ambapo kila jicho linamfikia. Akijikuna upara, wanasema siyo. Akitoa kitambaa chake cheupe na kujifuta uso, wanasema ndiyo. Basi. Ukumbi ule una viyoyozi vya kugandisha mate mdomoni, hakuna binadamu aliyewahi kutoka jasho mle, kwa hiyo ishara haijawahi kukosewa hata mara moja.

Na usimwonee huruma huyo Mnadhimu kwa yatakayompata. Wiki mbili nyuma Sindano alimfuata kantini kumwomba akae kimya tu kwenye ibara ya tisa. Akajibiwa, mdomo umejaa keki, "Mwambie baba yako afe taratibu, asitupigie kelele."

Sindano alisema "ahsante, mheshimiwa." Akaenda nyumbani, akapima kitambaa.

Alipoingia, Waziri Marashi aligeuka. Akaliona bega. Akauona mkono mpya wenye marinda. Akamtazama mlinzi wake aliyesimama kwa mbali, mlinzi akaanza kuhesabu taa za dari.

Sindano akaketi, akainua macho kwenye jukwaa la wageni. Baba yake alikuwa safu ya mbele, suti ya zamani, kofia magotini. Walipogongana macho, mzee alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, nipo. Alikuwa hajui binti yake ameandika nini kwenye marekebisho yake. Sindano alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

"Ibara ya tisa," akasoma Katibu.

"Ndiyo..." wakaanza wenye haraka.

"Bado!" akafoka Mwenyekiti. "Kuna marekebisho. Mheshimiwa Sindano."

Karatasi za marekebisho ziligawiwa tangu asubuhi. Waheshimiwa walikuwa wameshazifanyia kazi: mmoja kafungia karanga, mwingine kachorea gari.

Sindano akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ibara ya tisa ifutwe yote. Badala yake iandikwe: kila aliyenyang'anywa kiwanja chake ana haki ya kusikilizwa mahakamani. Na pale palipojengwa juu ya kaburi, kaburi lifukuliwe mbele ya hakimu, ndugu wakabidhiwe mtu wao."

Kule juu, kofia ya mzee ilianguka kutoka magotini.

Waziri Marashi aliinuka polepole, akafunga kifungo cha koti. Harufu ilifika mpaka kwa waandishi wa habari.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tukianza kufukua kila aliyelala, nchi itageuka shimo. Tutatembea kwa kuruka kama vyura." Kicheko. "Mimi namheshimu sana dada yetu. Ni fundi hodari. Nashauri tu arudi kwenye cherehani, huko nyuzi humsikiliza."

Kicheko kikavuma. Makofi ya meza. Mnadhimu akacheka mpaka kitambi kikagonga dawati.

"Mheshimiwa Sindano, unajibu?"

"Najibu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Namshukuru Waziri. Cherehani ilinifundisha kumpima mtu mgongo wake anapokuwa amenigeuzia. Mgongo wa Waziri naujua tangu utotoni, nikiwa nimesimama juu ya matofali ya jiko letu, yeye akipanda gari aende kunywa chai. Kipimo chake sijakisahau. Leo nimekuja na mkasi."

"Uuuuuh!" wakaguna wa nyuma.

"Mheshimiwa!" Mwenyekiti akagonga meza. "Zungumza na kiti. Usimtishe Waziri."

"Simtishi, mama. Namshonea."

Hata Katibu alikohoa kuficha kicheko. Lakini kicheko hakipigi kura. Mnadhimu alikuwa ameshainua mkono, vidole vitano vinene vikiwa njiani kuelekea uparani. Safu zote zikavuta pumzi ya kusema siyo.

"Nawahoji sasa..."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hujahoji," akasema Sindano, laini kama mtu anayeomba maji, "nina wageni wangu wawili kule jukwaani, wateja wangu wa siku nyingi. Naomba wasimame, Bunge liwatambue."

"Wageni hutambulishwa asubuhi baada ya maswali! Kaa chini!"

"Nakaa, mama. Samahani."

Akakaa. Lakini kule juu wanawake wawili walikuwa wameshasimama, wanapunga mikono kama maharusi. Mmoja mnene, mmoja mwembamba. Mmoja wa makamo, mmoja wa juzi. Na wote wawili, msomaji wangu, wamevaa kitambaa kilekile! Maua yaleyale ya njano, jora moja, mshono mmoja, na bila shaka mnunuzi mmoja.

Mnene ni mke wa ndoa wa Mnadhimu.

Mwembamba ni nyumba ndogo ya Mnadhimu.

Bahili yule alinunua jora moja kwa bei ya jumla, akawagawia kila mmoja nusu, akamwambia kila mmoja, "Hiki ni chako peke yako, laazizi, hakuna mwingine mjini." Na kila mmoja, bila kujua la mwenzake, alikipeleka kwa fundi yuleyule.

Sindano aliwashonea. Akawapa kila mmoja kadi ya kuingia Bungeni. Viti vyao akavichagua mwenyewe, bega kwa bega.

Mnadhimu aliinua macho.

Kwanza alidhani anaona mara mbili. Kisha akaona wake zake hao wanageukiana. Mnene anamshika mwembamba mkono wa gauni. Mwembamba anamshika mnene kola.

"Shoga, hiki umekitoa wapi?"

"Kwa mume wangu. Na wewe?"

Jasho! Jasho ambalo ukumbi ule haukuwahi kuliona tangu uwekwe tofali la kwanza, lilifunguka kwenye ule upara kama bomba la mtaa lililopasuka. Likashuka kwenye nyusi. Likaingia machoni. Mkono uliokuwa unakwenda kukuna uligeuza njia angani, ukapiga mbizi mfukoni.

"Wanaoafiki marekebisho ya Mheshimiwa Sindano waseme ndiyo," akasema Mwenyekiti.

Na Mnadhimu akatoa kitambaa cheupe, akajifuta uso mzima.

"NDIYOOOOOO!"

Haijapata kusikika ndiyo kama ile. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye taa. Mzee mmoja mbunge aliyekuwa amelala tangu ibara ya pili aliamka akaitikia ndiyo ya kwake peke yake, akalala tena.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo!" Sauti moja, nyembamba, kali, yenye marashi.

"Nadhani walioafiki wameshinda."

"Haiwezekani!" Waziri aliruka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wamekosea! Nataka kura ya majina, mmoja mmoja!"

"Kanuni inataka wenzako wasimame kukuunga mkono. Haya, wanaomuunga mkono Waziri wasimame."

Waheshimiwa wakatazamana. Tusimame? Tusisimame? Macho yote yakakimbilia kwa Mnadhimu kutafuta ishara.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mnadhimu alikuwa anapanda ngazi za jukwaa la wageni, tatu tatu, kitambaa kimening'inia mdomoni. Kutoka kule juu zilisikika kelele, kisha mchaniko mrefu wa nguo, kisha sauti ya mke mkubwa ikisema, "Bei ya jumla! Mimi ndiye wa bei ya jumla?"

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyeambiwa asimame.

"Hakuna," akasema Mwenyekiti, akashusha miwani. "Nawahoji ibara ya tisa kama ilivyorekebishwa. Wanaoafiki?"

"Ndiyooo," wakasema wale wote kwa mazoea, maana ishara ya mwisho waliyoiona ilikuwa ndiyo.

"Imepita."

Sindano hakushangilia. Aligeuka taratibu akamtazama Waziri Marashi, akamtazama kwa muda mrefu, kama vile mtu anavyokula tunda alilolingoja msimu mzima. Alitaka aone uso ule ukianguka. Aliuona. Mashavu yalishuka, midomo ikakauka, na ile harufu, nakuambia, hata ile harufu ilipungua.

"Waziri wangu," akamnong'oneza ng'ambo ya njia, "andaa sururu. Lami yako naibandua mimi mwenyewe, kwa kucha hizi. Na kila gari lililopita juu ya kifua cha mama yangu, utalibeba mgongoni."

Akainua macho kwa baba yake, apokee furaha yake.

Mzee hakuwa anapiga makofi. Kofia ilikuwa bado chini. Alishika chuma cha jukwaa kwa mikono miwili kama abiria wa chombo kinachozama. Sindano akadhani ni machozi ya ushindi. Akampungia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti." Ilikuwa sauti ya Waziri, na sasa ilikuwa imepoa. "Naomba nafasi ya maelezo mafupi. Kisha tuendelee."

"Mafupi kweli?"

"Mafupi sana."

"Haya."

Waziri Marashi alisimama. Na ajabu ya maajabu, alikuwa anatabasamu.

"Sina kinyongo na dada yetu. Bunge limesema kaburi lifukuliwe, lifukuliwe. Gharama juu yangu. Nitaleta hakimu, nitaleta tingatinga, nitaleta na viti wageni wakae. Ila nisije nikalaumiwa baadaye. Mheshimiwa Sindano, siku ile ya mazishi, wewe ulimwona mama yako usoni?"

"Kaa chini, mwanaharamu wewe!"

"Lugha, Mheshimiwa!" akafoka Mwenyekiti.

"Nauliza kwa heshima. Ulimwona?"

Sindano aliliona tena sanduku. Aliona misumari. Alikumbuka kiganja cha baba yake kimefunika macho yake, na sauti ya baba ikisema, usimwangalie, mwanangu, ugonjwa umemharibu.

"Sanduku lilikuwa limefungwa," akasema, polepole.

"Basi mfukue. Ila mama yako hutamkuta." Waziri akanyoosha kola ya shati lake, nyeupe, imenyooka kama karatasi mpya. "Watu wengi humu huniuliza kwa nini mke wangu haonekani hadharani. Hapendi watu, nawajibu. Mheshimiwa, shati hili unaloliona amelipiga pasi yeye, asubuhi ya leo. Ndiye aliyenifungulia geti la nyumba yangu niliporudi siku ya tingatinga. Na kila ukisimama kuzungumza kwenye televisheni, huongeza sauti, akasema: yule binti yangu amekua."

Kalamu ya Katibu ilidondoka. Mwenyekiti alisahau kugonga meza.

Sindano alisimama. Chuki aliyoilea miaka yote, aliyoilisha, aliyoivika, aliyoiombea kura nyumba kwa nyumba, ilisimama naye, ikiwa haijui sasa imwangukie nani. Alimwangalia Waziri. Kisha akamgeuzia mgongo, akatazama juu.

"Baba!"

Si ruhusa mbunge kuzungumza na jukwaa la wageni. Hakuna aliyemzuia.

"Baba, anasema kweli?"

Mzee alitikisa kichwa, juu na chini. Mara moja tu.

"Basi tulizika nini? Baba, mimi nilitupa udongo kwa mkono huu! Tulizika mawe?"

Mpambe alikuwa ameshafika kumtoa mzee nje, lakini mzee aling'ang'ania chuma, akainama kuelekea ukumbini mpaka watu wakadhani anajitupa.

"Mwanangu, futeni hiyo ibara! Iacheni lami ilivyo! Usichimbe pale, nakuomba kwa maziwa uliyonyonya!"

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu humo ndani kuna mtu."

Sindano aligeuka kumtazama Waziri Marashi. Tabasamu lilikuwa limemkauka usoni, rangi imemtoka, na kwa sauti ambayo hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto aliyepotea sokoni, Waziri aliuliza:

"Mzee... kaka yangu yuko wapi?"